Ukulima na Mifugo: Saa ya Kulisha na Saa ya Kuzaa

Wahenga walisema: Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Maneno hayo husemwa kwa kicheko, lakini mtu ambaye mali yake yote ni ng'ombe mmoja hacheki. Ng'ombe huyo akifa katika uchungu wa kuzaa, ada ya shule imekufa pamoja naye. Hata hivyo methali hiyo isiwe kisingizio. Mara nyingi msiba wa zizini hautokani na umaskini wa mwenye ng'ombe, bali watokana na mambo madogo yaliyoachwa katika siku 60 za mwisho wa mimba. Hizo ni siku ambazo ng'ombe hatoi maziwa, na kwa sababu hatoi kitu, hakumbukwi.

Jambo hili lawahusu watu wa shamba, na lawahusu vile vile watu wa mjini. Mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ambao ulipata jina lake mwaka 1921, wajulikana zaidi kwa maduka na biashara kuliko kwa mifugo. Lakini wakaaji wake ni wanywaji wakubwa wa maziwa. Maziwa ya ngamia huletwa huko kwa mabasi kutoka Isiolo, mwendo wa kilomita zaidi ya 250, na hupata wanunuzi. Tena katika mitaa ya upande huo wa mashariki ya mji wako watu wafugao ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba, wakiwakatia majani na kuwalisha bandani. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Basi mfugaji wa mjini si mtu wa kujificha, ila yampasa kufuata masharti ya sheria na kutowaudhi jirani zake kwa uchafu wala harufu.

MIEZI MIWILI YA KUPUMZIKA

Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 280 hivi, au zaidi kidogo. Katika miezi mitatu ya mwisho ndama hupata zaidi ya nusu ya uzito atakaozaliwa nao. Katika muda huo huo kiwele nacho huhitaji kupumzika ili kijitengeneze upya kwa maziwa yajayo. Kwa hiyo ng'ombe yampasa kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa, ikiwa zimebaki siku 60 kabla ya kuzaa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ng'ombe angali akitoa lita nne au tano kwa siku, wateja wako mlangoni na chupa zao, na mwenye ng'ombe huona uchungu kuziacha fedha hizo. Huendelea kukamua mpaka wiki ya mwisho. Anachokipata kwa mkono wa kulia hukipoteza kwa mkono wa kushoto, kwa maana ng'ombe asiyepumzika hutoa maziwa machache zaidi katika mwaka unaofuata, na dang'a yake, yaani yale maziwa mazito ya kwanza, huwa hafifu.

Njia ya kukausha si ngumu. Chakula cha nguvu hupunguzwa kwa siku chache, ng'ombe apewe majani makavu na maji ya kutosha, kisha kukamua kuachwe kabisa. Haifai kukamua kidogo kidogo kwa huruma, kwa kuwa kiwele huendelea kutengeneza maziwa kila kinapoguswa. Baada ya mkamuo wa mwisho chuchu zisafishwe vizuri, na daktari wa mifugo aulizwe kuhusu dawa ya kutia ndani ya chuchu ili kuzuia ugonjwa wa kiwele. Katika siku zinazofuata mwenye ng'ombe akitazame kiwele asubuhi na jioni. Kikiwa kigumu, chekundu na chenye moto, asingoje.

CHAKULA CHA NG'OMBE MKAVU

Ng'ombe mkavu asinenepeshwe mno, wala asiachwe akonde. Ng'ombe mnono kupita kiasi huzaa kwa taabu, na baada ya kuzaa hukataa kula. Aliyekonda hana akiba ya kutolea maziwa. Ng'ombe mwenye hali nzuri mbavu zake hazihesabiki kwa mbali, lakini mtu akimshika kwa kiganja aweza kuzipapasa.

Mwanzoni majani mazuri yatosha. Ng'ombe wa kilo 400 aweza kula kiasi cha kilo 60 za nepia mbichi kwa siku, zikiwa zimekatwa vipande vifupi ili asichague majani na kuacha mashina. Zikibaki wiki tatu au nne, chakula cha nguvu kirudishwe. Huko Uingereza, kabla ya Vita Kuu ya Pili, mtaalamu Robert Boutflour aliwafundisha wafugaji kumwandaa ng'ombe kwa njia hii, kama mtu awashaye moto chini ya chungu kabla ya kutia unga. Mfugaji aanze na kilo 1 kwa siku, kisha aongeze polepole mpaka kilo 2 au 3, kwa kadiri ya ukubwa wa ng'ombe na hali yake. Sababu ya polepole ni kwamba ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe mna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo humsaidia kusaga chakula, navyo huhitaji wiki mbili au tatu kuzoea chakula kipya. Ng'ombe aliyekuwa akila majani matupu, akijaziwa ndoo ya chakula cha nguvu siku ile aliyozaa, tumbo lake huchachuka, naye huugua.

Wafugaji wa mjini hupenda machicha ya bia kutoka viwandani, kwa kuwa bei yake ni nafuu na ng'ombe huyapenda. Machicha ni chakula chema chenye kujenga mwili, lakini sehemu yake kubwa ni maji, nayo huharibika upesi katika joto. Yakiota ukungu yasitolewe kamwe kwa ng'ombe mwenye mimba. Mabaki ya mboga kutoka sokoni nayo yachaguliwe kwa mkono. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini takataka za plastiki zingalipo. Plastiki haisagiki tumboni. Hukusanyika mwaka hata mwaka, na ng'ombe aliyebanwa na ndama upande mmoja na mifuko upande wa pili hana nafasi ya kutia chakula.

Kuna neno moja zaidi juu ya madini. Katika wiki mbili za mwisho asipewe chumvi yenye chokaa nyingi, wala lusini kwa wingi. Mwili wa ng'ombe ukizoea kuletewa chokaa tele mdomoni, husahau kuitoa mifupani mwake. Siku ya kuzaa, maziwa yanapoihitaji kwa ghafula, mwili hushindwa kuitoa upesi, na hapo homa ya maziwa humwangusha. Chumvi yenye chokaa na apewe baada ya kuzaa.

SAA YA KULISHA

Katika mambo yote ya kuzalisha ng'ombe, hakuna linalolalamikiwa kama kuzaa usiku. Taa hafifu, baridi, watoto wamelala, na daktari wa mifugo yuko mbali. Lakini wengi hawafahamu ya kuwa saa ya kumlisha ng'ombe yaweza kuisogeza saa yake ya kuzaa.

Huko Manitoba, katika nchi ya Kanada, mfugaji wa ng'ombe aitwaye Gus Konefal aligundua jambo hilo katika zizi lake. Aliwalisha ng'ombe wenye mimba mara mbili kwa siku: mara ya kwanza kati ya saa 5 na saa 6 mchana, na mara ya pili kati ya saa 3 na nusu na saa 4 usiku. Alianza kufanya hivyo mwezi mmoja kabla ya ndama wa kwanza kuzaliwa. Kiasi cha ng'ombe 8 katika kila 10 walizaa kati ya saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Wataalamu wa Marekani nao walijaribu katika jimbo la Iowa. Ng'ombe 1,331 wa mashamba 15 walilishwa mara moja kwa siku, wakati wa magharibi, na ndama 85 katika kila 100 walizaliwa kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Huu si uganga. Tumbo kubwa la ng'ombe hujikunja na kujikunjua likisaga chakula, na saa chache kabla ya kuzaa kazi hiyo hupungua. Ng'ombe aliyelishwa usiku, tumbo lake hufanya kazi usiku na kutulia mchana. Inaaminika kwamba utulivu huo wa mchana ndio unaoyapa matumbo ya uzazi nafasi ya kuanza kazi yake.

Na uchukuliwe mfano. Bwana Fulani ni karani, naye anakaa Eastleigh, Section Three. Ana ng'ombe mmoja. Kila siku huamka saa 10 alfajiri, hujaza hori, huenda kazini, na kurudi magharibi. Ng'ombe wake ameshazaa mara mbili, na mara zote mbili alizaa usiku wa manane. Mara ya pili ndama alikutwa amekufa, pua yake ikiwa imefunikwa na utando. Hapakuwa na mtu wa kuuondoa. Mwaka huu, ikiwa imebaki wiki nne, Bwana Fulani anabadili saa. Jioni anakata majani, na saa 4 usiku ndipo anapojaza hori. Mkewe anauliza: "Baba watoto, kwa nini unamlaza ng'ombe na hori tupu mchana?" Naye anajibu: "Si tupu, mama watoto. Saa 6 utamtilia kidogo, na maji yasikatike. Chakula chake cha siku hakikupungua hata shina moja. Kilichobadilika ni saa tu."

Maneno hayo ya mwisho yafaa yashikwe. Kubadili saa si kupunguza chakula. Tena ng'ombe mkavu hakamuliwi, kwa hiyo hapana saa ya kukamua itakayovurugika. Na ikiwa mwenyewe yuko kazini mchana, hapana budi awepo mtu nyumbani aliyefundishwa dalili na mwenye namba ya simu ya daktari wa mifugo. Ndama anayezaliwa mchana bila mtu hana heri kuliko yule wa usiku. Wala njia hii si amri: ng'ombe wengine bado watazaa usiku. Taa iwe tayari.

DALILI, NA WAKATI WA KUITA MSAADA

Siku inapokaribia, kiwele hujaa, sehemu za uzazi hulegea, na mishipa ya pande mbili za shina la mkia hubonyea. Kisha ng'ombe huhangaika, hulala na kuamka, na kuinua mkia. Hapo apelekwe mahali pakavu penye majani makavu mengi, mbali na kelele za watoto.

Chupa ya maji ikisha kupasuka, kwa kawaida huonekana miguu miwili ya mbele, na pua ikilala juu yake, kama mtu anayejitupa mtoni. Hiyo ndiyo njia sawa, na ng'ombe aachwe afanye kazi yake. Lakini akisukuma kwa nguvu muda wa saa nzima pasipo dalili ya kuendelea, au ukionekana mguu mmoja tu, au mkia, daktari na aitwe mara moja. Haifai kabisa kuwakusanya vijana sita na kamba. Ndama aliyepinda hawezi kunyoshwa kwa nguvu za watu, na nguvu hizo zaweza kuwaua wote wawili.

SAA SITA ZA KWANZA

Ndama akitoka, utando na ute uondolewe puani na mdomoni, na mama aachwe amlambe. Kitovu kichovywe katika dawa ya ayodini. Kisha jambo la haraka ni dang'a. Ndama huzaliwa bila kinga mwilini dhidi ya magonjwa. Kinga yake yote imo ndani ya dang'a ya mama yake. Matumbo yake huweza kuipokea kinga hiyo kwa saa chache tu, na siku moja ikipita mlango umefungwa. Kwa hiyo anywe mara ya kwanza ndani ya saa moja, na katika saa 6 za kwanza awe amepata lita 3 au 4. Akishindwa kusimama, mama akamuliwe na ndama anyweshwe kwa chupa yenye chuchu. Dang'a si ya kuuza. Maziwa ya siku tano za kwanza na yawe ya ndama.

Mama naye apewe maji ya uvuguvugu kadiri atakavyo. Ng'ombe wa maziwa aweza kunywa lita 60 hata zaidi kwa siku, na huko Eastlands, ambako maji ya mfereji hugawiwa kwa zamu, mapipa yajazwe kabla ya siku ya kuzaa.

Kondo la nyuma hutoka kwa kawaida ndani ya saa 12. Lisipotoka, lisivutwe wala lisifungiwe jiwe, na ikipita siku moja daktari aitwe. Likitoka, mtu asilishike kwa mikono mitupu. Ugonjwa wa kutupa mimba hukaa katika kondo na maji ya uzazi, nao huwaambukiza wanadamu homa ndefu yenye maumivu ya viungo. Wanawake wajawazito wasikaribie. Kondo lifukiwe shimo refu pamoja na chokaa, lisifikiwe na mbwa, maana katika mtaa wenye nyumba zilizobanana kosa la mtu mmoja huingia katika nyumba kumi. Kwa sababu hiyo hiyo maziwa na yachemshwe kabla ya kunywewa.

Katika siku tatu za kwanza, ng'ombe, hasa yule wa maziwa mengi aliyekwisha kuzaa mara kadhaa, akilala bila nguvu za kusimama, shingo imepindia ubavuni na masikio yake ni baridi, hiyo ni homa ya maziwa. Asinyweshwe dawa kwa mdomo, kwa kuwa hawezi kumeza sawasawa, nayo itaingia mapafuni. Daktari humtia maji ya chokaa katika mshipa, na mara nyingi ng'ombe aliyeonekana mfu husimama siku hiyo hiyo. Akicheleweshwa, hufa.

Baada ya hapo chakula cha nguvu kiongezwe kidogo kidogo, kiasi cha nusu kilo kwa siku. Kawaida inayofuatwa na wafugaji wengi ni kwamba majani mazuri yatosha kwa lita 7 za kwanza, na kwa kila lita moja na nusu inayozidi hapo ng'ombe hupewa kilo 1 ya chakula cha nguvu.

DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye ng'ombe na aandike siku aliyopandishwa, siku ya kumkausha, siku anayotazamiwa kuzaa, na saa aliyozaa. Aliyepandishwa tarehe 1 Januari hutazamiwa kuzaa karibu na tarehe 10 Oktoba, kwa hiyo akaushwe karibu na tarehe 10 Agosti, na saa za kulisha zibadilishwe karibu na tarehe 10 Septemba. Hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa. Yahitaji kalamu, na mtu wa kuitazama kalenda.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, wala mfugaji asielemewe na ng'ombe wake. Miezi ile miwili isiyo na maziwa ndiyo inayoyalipia maziwa ya mwaka mzima. Atakayeitunza atasikia sauti ya ndama mchana, watu wakiwa macho.

Juma lijalo: Kumlea ndama mpaka aachishwe maziwa.